"Maji Yamekwisha": shajara ya filamu kuhusu askari wa zimamoto

14 Januari 2025

Barua ya ruhusa imetoka leo mchana. Kibali cha Bodi ya Filamu tulikuwa nacho tangu Desemba, kilichokuwa kimebaki ni hiki. Tunatengeneza filamu ya hali halisi, dakika 70 hivi, kuhusu zamu moja ya askari katika kituo kimoja cha zimamoto na uokoaji hapa Dar es Salaam. Kituo sikitaji, na majina ya askari siyaandiki humu. Tuko wanne: mimi, mpiga picha, dada wa sauti, na kaka anayeshughulikia fedha, chakula na usafiri.

Niandike kilichonileta huku kabla hakijafifia. Nilipokuwa na miaka 19, nyumba ya shangazi yangu iliungua, vyumba sita. Gari la faya lilifika, likamwaga maji dakika chache, kisha likawasha king'ora na kuondoka huku paa la chumba cha mwisho linawaka. Nilikuwa kwenye lile kundi la barabarani. Nilipaza sauti kama wenzangu: "Mmekuja bila maji!" Maneno hayo niliyabeba miaka 12 bila kuyahoji, na sidhani kuna mtu aliyekulia mji huu asiyeyajua.

Mwezi uliopita, tulipokwenda kujitambulisha, dereva wa pampu, Sajini mwenye miaka 26 kazini, aliniuliza kama nina kalamu. Gari lake linabeba lita 5,000. Nozeli moja ya mpira mdogo inatoa kama lita 400 kwa dakika, na kwa kawaida wanafungua mbili. Gawanya. Nikapata dakika sita na robo. Baada ya hapo anawaambia wenzake kwenye redio maneno mawili, "maji yamekwisha", anafungua mipira na kwenda kutafuta mengine.

"Nyinyi mnaona gari linakimbia," akasema. "Linakimbia kweli. Linakimbilia maji."

Filamu ilipata jina pale pale.

22 Januari

Leo tumezunguka na Koplo anayekagua haidranti, yale mabomba ya chini ya ardhi yenye mfuniko wa chuma ambayo gari la zimamoto hujazia maji. Kwenye karatasi yake eneo tulilopita lina tisa. Tumeziona nne. Moja imefukiwa na lami ya barabara mpya, mfuniko hauonekani, Koplo alijua ilipo kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya umeme. Nyingine ilikuwa chini ya benchi la mama muuza mihogo. Mama alishtuka kusikia kitu hicho ni cha nini. Alidhani ni chemba ya maji machafu. Akaliondoa benchi mwenyewe, akafagia, akamwambia Koplo, "Sasa baba, mbona hamkuwahi kutuambia?" Koplo hakujitetea. Alichuchumaa, akaufungua mfuniko, akatoa mchanga kwa mikono.

Tulipata picha nzuri ya mikono hiyo. Dakika tatu bila neno. Naona itaingia filamu nzima bila kukatwa.

3 Februari

Wiki mbili kituoni na hatujaona moto. Mpiga picha anaanza kuwa na wasiwasi. Mimi naona hapa ndipo filamu ilipo, kwa sababu hizi saa ndizo ambazo hakuna anayezilipia hata kwa ahsante.

Asubuhi zamu ikipokelewa, kila kitu kinashushwa garini na kurudishwa. Mipira iliyotumika inaning'inizwa mnarani ikauke, la sivyo inaoza kwenye mikunjo na kupasuka siku ya kazi. Mitungi ya hewa inasomwa mmoja mmoja. Hapa nilisahihishwa: ndani ya ule mtungi hakuna oksijeni, kama tunavyosema mitaani. Ni hewa hii hii tunayovuta, imechujwa na kushindiliwa. Mtungi wa lita 6 ukijazwa hadi baa 300 (baa ni kipimo cha presha) unabeba takribani lita 1,800 za hewa. Mtu anayefanya kazi nzito anavuta lita 40 kwa dakika au zaidi. Akiogopa, au akiwa na mwili mkubwa, au akiwa amembeba mtu, zinakwisha upesi kuliko hesabu. Baa zikishuka hadi 55 hivi, filimbi inalia yenyewe kifuani pake. Akiisikia, anatoka, hata kama amebakiza hatua tatu kumfikia aliyemfuata.

Dada wa sauti aliomba asikilize filimbi hiyo. Konstebo mmoja akaufungua mtungi uliokuwa unakwisha. Ililia kama sekunde 20, na askari wawili waliokuwa wanacheza bao uani wakanyanyuka kabla hawajakumbuka kuwa ni jaribio. Dada alirekodi filimbi na alirekodi pia viti vikisukumwa nyuma.

Kuna jambo nimelifikiria nikirudi nyumbani kwa mwendokasi. Kwenye Barabara ya Morogoro kuna kituo kinachoitwa Fire, jirani na kituo cha zimamoto. Kila siku maelfu ya watu wanashuka na kupanda pale, wanalitaja jina hilo kumwelekeza mgeni, wanaliandika kwenye ujumbe wa simu. Jina liko midomoni mwetu kuliko watu wenyewe.

11 Februari

Chumba cha simu, zamu ya usiku. Namba ni 114. Watoto wanapiga, wanacheka, wanakata. Walevi wanapiga. Katikati yake anapiga mama mmoja, sauti haitoki vizuri, anasema moto uko hapa karibu na duka la Mangi.

"Mangi yupi, mama yangu?"

"Huyu wa hapa kwetu."

Binti anayepokea simu hakupandisha sauti hata mara moja. Alimuuliza shule gani iko karibu, msikiti gani, daladala za wapi zinapita. Ilichukua dakika moja na sekunde 50 kupata mtaa. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 iliweka vibao vya namba kwenye nyumba nyingi, lakini mtu ambaye nyumba inawaka hakumbuki namba ya kibao, anamkumbuka Mangi. Nilimuuliza binti baadaye anavumiliaje. Akasema yule mama ndiye jicho lake pekee pale, akimvunja moyo atabaki kipofu.

Ulikuwa moto wa jiko, majirani waliuzima kwa mchanga kabla gari halijafika. Gari lilirudi. Hayo nayo tunayo kwenye picha: gari linarudi, wanashuka, wanavua, wanapanga viatu na suruali zikiwa zimekunjiwa juu yake ili zivaliwe kwa mruko mmoja.

19 Februari

Saa nane usiku. Ghala la magodoro.

Tulikubaliana tangu mwanzo kuwa sisi hatuvuki utepe. Kamera ndogo ilikuwa kwenye helmeti ya Koplo, kwa ridhaa yake na ya mkuu wake. Nje tulikuwa na kamera kubwa, na yangu ilikuwa kazi ya kushika taa na kunyamaza.

Nilichokijua kuhusu moto kilitoka kwenye sinema: mwanga mwekundu, mtu anaonekana vizuri katikati ya ndimi. Kamera ya Koplo imeleta weusi mtupu. Dakika kumi na moja za weusi, na ndani yake pumzi. Wanaingia wawili wawili, hakuna anayeingia peke yake. Mlangoni anasimama askari mwenye ubao, anaandika jina, saa ya kuingia na baa za mtungi, na anawafanyia hesabu ya hewa wao wakiwa hawawezi hata kuiona saa. Ndani wanatambaa, mkono mmoja hauachi ukuta. Ukiuachia ukuta, umepotea kwenye chumba cha hatua kumi.

Pia nilielewa kwa nini walichelewa kuvunja mlango wa pili, jambo lililowaudhi sana watu waliokuwa nje. Chumba kilichojaa moshi wa moto na kikakosa hewa, ukikifungulia ghafla unakipa kilichokuwa kinakosekana, na kinalipuka usoni pako. Na maji hayarushwi ovyo: yakigeuka mvuke yanapanuka mara 1,700 hivi, na mvuke huo unamuunguza aliye ndani kabla ya moto wenyewe.

Filimbi ya Koplo ililia dakika ya 17. Tunaisikia, halafu tunasikia yeye na mwenzake wakibishana kwa pumzi. Mwenzake anasema bado kona moja. Koplo anasema, "Tunatoka." Walitoka. Mlinzi wa ghala waliyekuwa wanamtafuta alikutwa dakika chache baadaye barabara ya nyuma, mzima, alikuwa amekimbia kupiga simu. Koplo alipoambiwa alikaa chini kwenye tairi na kuvua kinyago, na nilimwona akitetemeka magoti. Kamera kubwa ilikuwa upande mwingine. Sikumwita mpiga picha.

Jumla mpaka leo: saa 34 za picha, saa 50 za sauti.

2 Machi

Nyumbani kwa Koplo. Mkewe alitukaribisha chai na vitumbua, akanipa ruhusa ya kumpiga picha akifua. Mimi namwita shemeji, yeye ananiita shemeji wa kamera.

Nguo za ghala la magodoro zimekuwa zikilowekwa tangu siku ile. Maji ya kwanza yalikuwa meusi kama ya wino, ya tatu bado kijivu. Shemeji hufulia kwenye beseni lile lile la nguo za watoto. Godoro la sponji likiungua linatoa kaboni monoksaidi na sianidi, na masizi yake yanashika kwenye kitambaa na ngozi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na asbesto na moshi wa tumbaku. Nililijua hilo kabla ya kwenda. Nilikaa pale na chai mkononi, nikitazama beseni, na sikujua kama ni halali kuendelea kupiga picha bila kusema.

Nikasema. Koplo aliinama. Shemeji alifuta mikono, akauliza maswali ya maana kuliko yangu yote ya miezi miwili: mtoto akishika? Sabuni gani? Kituoni hakuna pa kufulia? Halafu akalichukua beseni, akaliweka nyuma ya nyumba peke yake. Asubuhi yake alinitumia picha ya beseni jipya, la rangi nyingine.

Mazungumzo hayo tumeyarekodi yote, na wote wawili wamesema yabaki.

8 Aprili

Masika. Mwezi mzima hakuna moto wa maana na hakuna kupumzika. Watu wanasahau nusu ya pili ya jina: zimamoto na uokoaji. Tumewafuata kwenye mafuriko, kwenye mti ulioangukia bajaji, kwenye nyuki waliovamia darasa la chekechea.

Jana ilikuwa shimo la choo lililotitia, uwani kwa watu, na mtoto ndani yake. Konstebo mwembamba kuliko wote alifungwa kamba na kushushwa kichwa chini. Niliuzima mtambo mwenyewe, nikamwambia dada wa sauti aondoe vipokea sauti masikioni. Mtoto hakutoka hai. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu mtoto.

Kuhusu Konstebo: alioga mara tatu. Zamu iliyofuata alikuja saa yake, akashusha vifaa, akasoma mitungi. Mwanzoni mwa mradi niliwauliza askari wanaongea na nani baada ya siku kama hiyo, wakanijibu kwa kucheka kuwa wanaongea wao kwa wao. Jana usiku nilikiona hicho walichokuwa wanakisema. Walikaa naye uani hadi saa kumi, wakizungumzia mpira wa Simba na Yanga, na hakuna aliyeinuka kwenda kulala kabla yake.

27 Aprili

Leo tumepata tukio ambalo bila hilo jina la filamu lingekuwa tupu, na ningependa lisingetokea.

Moto wa nyumba, uswahilini, vichochoro ambavyo hata bajaji inapita kwa kukunja vioo. Gari lilibaki barabara kubwa. Waliunga mipira minane, mita 200 hivi, na kadiri mpira unavyorefuka ndivyo maji yanavyofika kwa unyonge. Kamera moja ilikuwa ndani ya gari pamoja na Sajini. Dakika ya saba kasoro kidogo, redio: "Maji yamekwisha." Sauti yake ni ya mtu anayesoma saa. Nje, mtu mmoja akaidaka kauli, akaipeleka kwa kundi, na ilipotoka upande wa pili ilikuwa kitu kingine kabisa.

Gari lilipoanza kuondoka, jiwe likapasua kioo cha upande wa dereva. Aliyelirusha anaonekana vizuri, mwanamume wa makamo, kifua wazi, machozi na masizi vimechanganyikana usoni. Niliitazama picha hiyo usiku mara nyingi. Nilimtambua, si kwa sura.

Sajini hakusimama. Haidranti ya kwanza haikuwa na presha. Ya pili ndiyo ile ya mama muuza mihogo. Benchi halikuwepo juu yake. Alijaza, akarudi, dakika 23 tangu aondoke, kiganja kinavuja damu kwenye usukani. Vyumba vitatu kati ya vinane viliokolewa, na nyumba za jirani zote.

4 Mei

Siku ya kimataifa ya askari wa zimamoto. Inatokana na vifo vya askari watano walionaswa na moto wa msituni huko Linton, Australia, tarehe 2 Desemba 1998. Sajini alianza kazi mwaka huo huo. Kiganja kimepona, kovu limebaki.

Nimefanya naye mahojiano marefu leo, ya pekee ambayo amekaa kwenye kiti. Ameeleza enzi za faya ya jiji, wakati kila halmashauri ilikuwa na zimamoto yake na gari lake, kabla ya sheria ya 2007 kuwaunganisha kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nikamuuliza kuhusu siku kubwa ambazo taifa linazikumbuka: lori la mafuta la Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lililoua watu zaidi ya 100, soko la Kariakoo lililoungua Julai 2021, ndege iliyoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Alijibu machache. Kuhusu Bukoba alimsifu kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyefika na mtumbwi na kusaidia kuufungua mlango, na ambaye baadaye aliingizwa kwenye jeshi hilo hilo. Kuhusu Kariakoo alisema jambo moja: kwenye kifusi, kazi ngumu kuliko zote ni kuwaomba watu maelfu wanyamaze ili umsikie mmoja aliye chini.

Dada wa sauti alinikodolea macho. Tangu hapo mimi na yeye hatukuhitaji kujadili mwanzo wa filamu: ni kusikiliza.

17 Juni

Uhariri, wiki ya nne. Tumebishana na mpiga picha, na namheshimu kwa kubishana. Anataka filamu ifunguke kwa moto mkubwa, tununue picha za Msamvu au za Kariakoo, mtazamaji ashikwe. Nimekataa. Waliokufa pale wana ndugu zao ambao watakaa ukumbini. Na moto mkubwa unamrudisha mtazamaji mahali alipozoea kusimama, nje, barabarani.

Tunafungua kwa skrini nyeusi na pumzi ndani ya kinyago, dakika moja nzima. Halafu mikono ya Koplo ikitoa mchanga kwenye haidranti. Ghala la magodoro tumeliacha weusi kama lilivyokuja, bila muziki. Mhariri alijaribu muziki mara mbili, mara mbili tukautoa, kwa sababu ulikuwa unamfariji mtu pasipo na faraja. Beseni la shemeji lipo. Shimo halipo, ipo tu ile saa kumi ya uani, watu wanazungumzia Simba na Yanga, na hatuelezi kwa nini hawaendi kulala.

Urefu kwa sasa: dakika 74.

12 Julai

Tumewaonyesha leo, kituoni, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, gari la kwanza limesogezwa nje ili tupate nafasi. Zamu nzima na familia zao. Shemeji alikuja na watoto. Mama wa mihogo alialikwa na Koplo, akakaa mbele.

Kwenye weusi wa ghala hakuna aliyekohoa. Filimbi ilipolia kwenye spika, nikaona mabega ya mstari mzima yakinyanyuka. Kwenye jiwe, mtoto wa Koplo aliuliza kwa sauti, "Kwa nini anampiga?" na hakuna mtu mzima aliyemjibu.

Baada ya filamu walisema maneno mazuri ambayo nitayaweka moyoni. Mkuu wa kituo aliomba tusahihishe cheo kimoja kwenye maandishi. Binti wa simu aliomba namba 114 ikae kwenye skrini muda mrefu zaidi. Sajini alisubiri watu wapungue, akanivuta pembeni kwenye gari lake.

"Yule mwenye jiwe. Mfiche uso."

"Afande, alikuumiza. Na watu wote walimwona siku ile."

"Nyumba ilikuwa yake," akasema.

Nimekaa na mhariri usiku huu tumehesabu. Uso wake uko kwenye fremu 212, sekunde nane na nusu. Utafichwa fremu moja baada ya nyingine, kwa sababu anatembea na taa inabadilika. Tunaanza kesho asubuhi, kisha rangi, kisha manukuu.